Muulize Bi Fundi: Kipimo cha presha, saa ya ukutani na redio iliyovuja

Toleo lililopita nilipitisha sentensi moja tu, kwamba betri ya bei chee mara nyingine ndiyo ghali, nikaendelea na mambo yangu ya antena. Mkanikamata papo hapo. Barua na ujumbe wa simu vimejaa, na karibu vyote vinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ninunue ipi? Siwezi kujibu bila kukuuliza kwanza, ya kuweka kwenye nini? Basi tuanze. Wale niliowaacha wanivumilie, kibanda changu cha Ngamiani kina meza moja na mikono miwili.

Shikamoo Bi Fundi. Mama mkwe wangu ana presha, na shemeji alimnunulia kile kipimo cha kufunga mkononi. Daktari kasema apimwe asubuhi na jioni, mara mbili kila wakati. Kinatumia betri nne ndogo. Nanunua za shilingi 600 jozi, na hazipiti siku nne. Shemeji anasema tunachezea mashine. Je, mashine ni mbovu au nauziwa betri feki? — Mkamwana, Muheza

Marahaba mwanangu, na umpe mama pole. Mwambie shemeji mashine ni nzima, na betri nazo si feki. Ni betri halali zilizopewa kazi isiyo yao.

Ili nisikujibu kwa mdomo mtupu, nilichukua kipimo cha mama yangu mzazi, cha mkononi vilevile, nikatia betri nne mpya za bei yako, nikashika mita. Zikiwa zimetulia zilisoma volti 6.2, raha mustarehe. Nikabonyeza. Pampu ilipoanza kuvuma mshale ukaporomoka hadi karibu 5, na kadiri kitambaa kilivyokaza mkono ndivyo ulivyozidi kuteremka. Pampu ikanyamaza, mshale ukapanda tena kama hakuna kilichotokea. Kufika kipimo cha sita pampu ilikuwa inavuta pumzi kama mtu mwenye pumu. Nikazitoa, nikatia nne za alkali. Mshale ukashuka kidogo, 5.8, ukasimama hapohapo mpaka mwisho.

Hizo zako ni betri za kaboni, na betri ya kaboni ni mtungi wenye mdomo mwembamba. Maji yamo, lakini ukitaka kuyamimina kwa haraka hayatoki. Pampu ya kipimo cha presha inadai mamia ya miliampea kwa mkupuo mmoja, wakati saa ya ukutani ukipiga wastani haifikii hata miliampea 1. Hivyo betri zako zinapoonekana zimekufa hazijaisha, zimeshindwa kasi tu. Ukizihamishia kwenye saa zitatembea miezi.

Sasa hesabu, kwa bei za huku kwetu Tanga. Betri zako nne ni shilingi 1,200, na siku nne kwa vipimo vinne kwa siku ni vipimo 16. Kila kipimo kinakula shilingi 75. Nne za alkali nilinunua 8,000, na za mama zilikwenda miezi miwili kwa mwendo huohuo wa vipimo vinne, yaani kama 240. Kila kimoja shilingi 33 na senti zake. Mkoba wako ulikuwa unavuja, mwanangu, ila kwa matone.

Utazitambuaje dukani? Usisome maandishi makubwa. Yale ya "Super Heavy Duty" yenye moto na radi yamebandikwa kwenye betri za kaboni, na yamewapoteza wengi. Geuza betri utafute herufi ndogo karibu na kitako. Kwa ukubwa wa hizo zako, ikiandikwa R6 ni kaboni. Ikiandikwa LR6 ni alkali. Zile nyembamba za rimoti ni R03 na LR03, za kati R14 na LR14, nene za redio na tochi R20 na LR20. Hiyo L moja ndiyo unayoilipia. Ya mraba ya volti 9 ina mtindo wake: 6F22 ni kaboni, 6LR61 ni alkali. Muuzaji akikwambia ni alkali na L haipo, mrudishie na umtakie mchana mwema.

Jambo jingine kabla sijakuachia. Tazama ubavuni mwa mashine kama kuna kitundu cha adapta. Kama kipo, na umeme mnao, nunueni adapta ya mashine hiyohiyo, si ile ya redio iliyolala kabatini, maana ikipishana volti au ncha utaiunguza. Na alama ya betri ikiwaka kwenye kioo usiandike kile kipimo kwenye daftari la kliniki. Badilisha betri, mpime upya.

Bi Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu. Enzi zetu betri kuukuu tuliipasua tukachukua unga mweusi wa kupaka ubao. Sasa mwanangu wa Dar ameniletea katoni ya betri za alkali, ananiagiza niziweke kila mahali, hata kwenye saa na rimoti, na za kaboni nizitupe. Ninamtii? — Mwalimu, Lushoto

Shikamoo Mwalimu. Ubao nilioandikiwa irabu zangu za kwanza ulipakwa unga huohuo, na kuponda ilikuwa kazi yetu sisi watoto wa kike. Tulirudi nyumbani weusi hadi kope. Ule unga ni manganizi iliyochanganywa na kaboni, na kile kijiti cha katikati tulichochorea sakafu ndicho kilichokuwa njia ya umeme kutoka humo ndani. Siku hizi ningewakataza wajukuu, kwa sababu mna kemikali ya kubabua ngozi, lakini ubao ulikuwa mweusi kweli.

Kijana wako anakupenda, ila kwenye saa amepitiliza. Betri moja ya kaboni ya shilingi 300 inaendesha saa ya ukutani kiasi cha mwaka. Ya alkali ya 2,000 ingebidi iende miaka sita na ushee ndipo mlingane, na haitafika. Rimoti ni vilevile, inakula unapobonyeza tu. Kwa hiyo zile za kaboni usizitupe. Katoni ya Dar iwekee tochi ya usiku wa kukatika umeme, redio yako kama unapenda sauti ya juu, na mashine yoyote yenye mota.

Naomba kitu kimoja tu. Siku unapoweka betri ya kaboni kwenye saa, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na mwaka ukipita itoe hata kama mshale wa sekunde bado unarukaruka. Sababu wewe uliyeipasua unaijua: lile gamba la nje ni zinki, na ni hiyo zinki inayoliwa betri ikifanya kazi. Betri inakula chungu chake yenyewe. Ikibaki muda mrefu chungu kinatoboka.

Bi Fundi, bibi yangu akisikia redio inanong'ona anatoa betri anazianika juu ya bati, na jioni inaimba tena. Rafiki yangu yeye anaziuma kwa meno. Hii ni sayansi au ushirikina? — Mjukuu, Korogwe

Sayansi, ila ya kukopa.

Bibi yangu mimi, Mungu amrehemu, alianika tangu saa nne asubuhi ikiwa Coastal inacheza jioni. Mwaka 1988, ule ambao Coastal Union walichukua ubingwa, betri za nyumbani kwetu zilipigwa jua kuliko nguo. Alizipanga kwenye bati la jiko kama samaki, kichwa kitako, kichwa kitako, na ole wako kuku azipindue. Saa kumi anazitia zingali moto, mtangazaji anafoka sebule nzima, dakika ishirini za raha. Halafu sauti inaanza kuzama. Na haikuwahi kuzama mpira ukiwa katikati ya uwanja, lazima uwe langoni.

Kilichokuwa kinatokea ni hivi. Joto linachangamsha kemikali zilizobaki, na kule kupumzika kunaipa nafasi dawa ya ndani isambae upya pale ilipokuwa imechoka. Chakula hakikuongezeka hata punje. Kuuma nako kunabonyeza gamba, unga unagusana vizuri zaidi, unapata dakika chache. Lakini betri iliyofikia hatua ya kuumwa gamba lake limeshakuwa jembamba kama ganda la yai, na rafiki yako siku moja atalitoboa kwa jino. Hataipenda ladha.

Bibi muache aanike, mradi azitoe redioni zikishakataa kabisa. Ila wasije wakaziweka karibu na jiko au kuzitupa motoni pamoja na takataka. Zinapasuka.

Shikamoo Bi Fundi. Baba yetu alifariki mwaka juzi. Wiki iliyopita nilitoa redio yake niiwashe, nikakuta betri nne nene zimevuja. Kuna unga mweupe, mwingine kijani, na springi mbili zimekatika. Betri zile nilimnunulia mimi mwenyewe, tena za bei nzuri, zimeandikwa LR20. Itapona? — Binti yake, Pangani

Marahaba, na poleni sana. Itapona. Usiipeleke popote wala usiimwagie maji mpaka umalize kusoma.

Nyuma ya meza yangu nina kopo la maziwa la kilo mbili. Limejaa springi nilizozitoa kwenye redio, tochi, keyboard za kwaya na mizani, zote zimeliwa na betri. Nyingine zimebaki uzi. Mteja akinibishia kuhusu bei namtikisia lile kopo. Najua unavyojisikia, kununua kitu kizuri halafu kikakusaliti, lakini alkali nazo zinavuja, na kosa halikuwa la ununuzi. Ni kule kukaa. Redio iliyozimwa miaka miwili na betri ndani, mwambao huu wenye chumvi hewani, ni bahati mbaya ya kawaida kabisa. Ningekuwa na amri ningebandika kila redio ya msibani karatasi: toeni betri kwanza.

Kwa kuwa zako ni LR20, ule unga mweupe ni alkali iliyotoka nje ikakutana na hewa ikakauka. Alkali mbichi inababua ngozi na ikiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo vaa glovu, hata zile za kufulia, na uso wako uuweke mbali. Zitoe betri kwa bisibisi ya mbao au kijiti, uzifunge kwenye mfuko wa plastiki. Ugeuze mdomo wa kasha chini, ukipangusa unga kwa mswaki mkavu uliozeeka, uangukie gazeti na usiingie ndani ya redio.

Sasa kata ndimu. Pamba kwenye kijiti, itie maji ya ndimu kidogo, isilowe chepechepe, gusa palipo na unga. Utasikia inachemka kwa sauti ndogo, povu dogo linatoka. Hiyo ndiyo asidi inakutana na alkali na kuituliza. Siki nayo inafaa, ila Pangani sioni sababu ya kununua siki. Rudia na pamba mpya mpaka povu likome, kisha pamba yenye maji safi kidogo, kisha kavu, halafu acha redio wazi kivulini siku nzima. (Ingekuwa betri ya kaboni, ule ute wa kahawia unaonata, ndimu isingesaidia kwa sababu wenyewe tayari ni wa asidi. Hapo ni pamba yenye maji ya magadi.)

Springi zilizobaki zisugue na msasa mwembamba mpaka zing'ae. Zile zilizokatika fundi yeyote atakuwekea nyingine, hazina bei. Ninachokuomba umwambie huyo fundi ni waya. Afuate waya unaotoka kwenye springi, auchune ganda. Shaba ikiwa nyeusi ajue alkali imepanda ndani ya waya kama utambi, na risasi haitashika hapo hata achome vipi. Akate nyuma mpaka aione shaba nyekundu. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, redio inalia wiki mbili inanyamaza tena, na mteja anaambiwa ni spika.

Ikishaimba, iendeshe kwa umeme kama ina tundu la waya, na betri uweke siku unayoihitaji tu. Hapo hata za kaboni zinakutosha.

Bi Fundi, nina watoto watatu na gari la rimoti linalokula betri nne kila wiki. Kwenye simu nimeona za kuchaji, zimeandikwa 4800 mAh, nane kwa shilingi 10,000 na chaja juu yake. Mume wangu anasema ni utapeli. Mimi naona ni ofa. — Mama Watatu, Kigamboni

Nisalimie mumeo, yuko sahihi.

Ile namba inaonyesha betri imebeba kiasi gani cha umeme. Betri ya kuchaji ya ukubwa huo, ile ya nikeli yenye alama HR6, ikiwa ya kweli inabeba kati ya 1,900 na 2,500 hivi. Zikiandikwa 3,000 anza kushuku. Zikiandikwa 4,800, aliyeziandika alikuwa peke yake na kalamu. Mchezo huohuo uko kwenye zile betri ndefu za tochi za kuchaji, zinazoitwa 18650. Utaziona zimeandikwa 9,900, wakati nzuri kabisa za kawaida zinaishia kama 3,500.

Nilizinunua mimi mwenyewe miaka ya nyuma, kwa tamaa hiyohiyo, nne za 4,600. Nikazipeleka kwa jirani yangu sonara aziweke kwenye mizani yake ya dhahabu. Betri ya nikeli ya kweli ina gramu 26 mpaka 30. Yangu ilisoma 15. Sonara akaniuliza kama ni ya kuchezea. Basi mizani ndiyo kipimo changu tangu siku hiyo, kwa sababu nikeli haina njia ya kuwa nyepesi. Ukikosa mizani, shika moja mkononi na ya alkali mkono wa pili. Ya kuchaji lazima izidi uzito. Ikiwa nyepesi kuliko ya alkali, iache dukani.

Lakini wazo lako lenyewe ni zuri, tafuta tu betri za kweli. Nne nzuri na chaja ya maana zinaweza kukufikisha kama 60,000, ukanilaani. Betri nne za alkali kila wiki ni 8,000. Wiki ya nane pesa yako imerudi, na betri hizo bado zina mamia ya safari za kuchajiwa. Za kaboni kwenye gari la rimoti hata usinitajie, ni kisa cha presha kilekile cha mkamwana hapo juu.

Utaona zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, usiogope. Ya alkali inaanza 1.5 na kushuka pole pole njia nzima, ya nikeli inashika 1.2 karibu mpaka mwisho. Gari halitajua. Kwenye chaja angalia kila betri ina taa yake, kwa sababu zile zinazochaji mbili mbili bila kujizima zinaziivisha usiku kucha. Na uchague zile ambazo kwenye kasha wanasema zinauzwa zikiwa zimeshachajiwa. Aina hiyo, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2005, haipotezi chaji haraka ikikaa. Za zamani ulikuwa unazichaji Ijumaa, mwezi ujao ni maiti.

Nikiwa hapohapo, kuna mwenye nyumba ya wageni aliyenipigia kuhusu zile taa za sola za bustanini. Ndani yake mna betri ya kuchaji inayofanana kabisa na ya saa. Ikifa, weka ya kuchaji nyingine ya volti 1.2. Ukiweka ya kawaida, paneli itajaribu kuichaji kila mchana, na betri ya kawaida haikuumbwa kuchajiwa. Itavuja au itapasuka.

Dadangu, tochi yangu ina mawe matatu. Moja likifa huwa nalibadilisha hilo moja. Kuna ubaya? — Mlinzi, Lunga Lunga

Mawe! Neno hilo la kuitia betri nilidhani limekufa na babu zetu, kumbe ng'ambo ya mpaka wa Horohoro bado linapumua.

Upo ubaya, kaka. Mawe matatu yamefungwa foleni moja, umeme unapita kwa yote. Lile chovu likiisha kabla ya wenzake, mawili mapya yanalilazimisha kupitisha umeme lisio nao, linageuzwa ncha, linapata moto na kuvuja. Badilisha yote matatu siku moja, ya aina moja. Yaliyotolewa kama ni madogo yape saa ya ukutani, yatakula uzee wao huko. Na usichanganye kaboni na alkali kwenye foleni moja, ni hesabu ileile.

Bi Fundi, ufunguo wa gari umegoma. Ndani nimekuta kibetri bapa CR2032. Dukani wana CR2025 tu, na ni nafuu. Inaingia. Niichukue? — Dereva, Chumbageni

Inaingia, na kesho italegea. Namba hizo ni vipimo vyake: 20 ni milimita za upana, 32 ni unene wa milimita 3.2, na 25 ni 2.5. Volti ni 3 zote mbili. Lakini ukiweka nyembamba pana pengo la milimita 0.7, ufunguo unashika leo, barabara ya vumbi ikiutikisa unakata, na umeme wake nao ni mchache. Zunguka mjini utafute 2032. Usiinunue kadi yenye vibetri ishirini kwa bei ya kimoja, vingi vimeshachoka dukani.

Kile cha zamani umekiweka wapi? Wateja wangu wengi wanaacha mezani. Kibetri hicho mtoto akikimeza kikakwama kooni, mate yanakamilisha njia ya umeme na kinaanza kuunguza nyama, hata kama kilikuwa kimeshindwa kufungua gari. Ndani ya saa mbili madhara yanaweza kuwa makubwa. Ukishuku tu, usimtapishe, mkimbize hospitali na uwaambie wazi kwamba ni betri, wampige picha. Cha zamani kifunge na gundi ya karatasi pande zote mbili kabla ya kukitupa. Na kagua midoli na kadi za kuimba kama kifuniko kimefungwa kwa skrubu.

Bi Fundi, jirani yangu anaweka betri kwenye friji zisiishe. Nimuige? — Mpika Chapati, Mabawa

Hapana. Ukizitoa zinatoka jasho, unyevu unakaa kwenye ncha, kutu inaanza. Betri ya alkali ikikaa kivulini kwenye kasha lake inapoteza kidogo sana kwa mwaka, na nyingi zina tarehe ya miaka mbele iliyopigwa chapa ubavuni au nyuma ya kasha. Isome kabla ya kulipa. Za kaboni hazikai muda huo, nunua za kutumia. Jihadhari zaidi na zile zinazoning'inia kwenye kioo cha duka jua likizipiga kutwa. Hizo zimeshaanikwa bila ruhusa ya bibi wa Korogwe. Droo ya kabati inatosha, mbali na jiko lako la chapati, na zisilale pamoja na funguo au sarafu zikagusana ncha. Friji mwambie jirani aiachie vibua.